Mwanangu anagonga wenzake kwa nguvu zote na kocha anamsifia. Nimzuie?

BabaK_Houston: Wakuu, habari za wikiendi. Kijana wangu ana miaka 16, anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni kwao hapa Houston. Ni lainibeka, yule wa nyuma ya mstari wa mbele wa ulinzi, kazi yake kumwangusha mwenye mpira. Mwili wa kawaida tu, ila woga hana. Anakuja mbio, hapunguzi mwendo, anajirusha mzima mzima. Ijumaa alimgonga mtoto wa watu mpaka mpira ukamtoka, uwanja wote ukasimama kushangilia. Mama yake alikuwa amejifunika uso na mtandio.

Kocha anasema akiendelea hivi vyuo vitamwona, na ada za chuo huku mnazijua. Lakini tukirudi nyumbani aliniomba nizime redio, akawa anafumba macho kila gari likipita na taa. Asubuhi akasema yuko poa. Helmeti yake imejaa michirizi ya rangi za timu alizozigonga, na hataki mtu aifute. Nikimwambia apunguze ukali namnyima bahati yake? Naombeni ushauri, silali.

Mkwawa77: Kaka, mwache. Mchezo ule anayesitasita ndiye anayeumia.

NesiMinnesota: Kaka, la kwanza ni redio na taa. Hizo ni dalili za mtikisiko wa ubongo. Asiguse uwanja kabla ya kuonwa na daktari, hata akikuapia kwamba amepona. Sheria ya Texas inataka ruhusa ya maandishi. Akigongwa mara ya pili kabla ya ubongo kupona, unaweza kuvimba, na umri wake ndio wenye hatari hiyo. Usingoje dalili nyingine.

Namba54_Zamani: Shikamoo mzee. Nimekulia huku, nimecheza nafasi hiyohiyo mpaka chuo. Naomba ukaiangalie ile helmeti. Michirizi iko upande gani?

BabaK_Houston: Marahaba mwanangu. Nimeitoa kwenye begi sasa hivi. Mbele ni safi kabisa. Yote iko utosini.

Namba54_Zamani: Basi anainamisha kichwa. Shida haiko kwenye ukali wake, mzee. Tarehe 4 Desemba 2017, kule Cincinnati, Ryan Shazier, lainibeka wa Pittsburgh Steelers, timu ya NFL, ligi kuu ya wanaolipwa huku, alimwendea mtu hivyohivyo, kichwa chini. Akaanguka, akajishika mgongo, miguu haikusogea. Baadaye alitembea tena, lakini hakucheza tena. Ukiinamisha kichwa shingo inanyooka, na mshindo wote unaingia kwenye uti wa mgongo. Mwaka uliofuata NFL ikapiga marufuku kuinamisha kichwa ili kugonga. Seattle Seahawks, timu nyingine ya ligi hiyo, walikuwa wameshaanza kufundisha kukaba kwa bega kama wachezaji wa raga: macho juu, kichwa pembeni, mikono imfunge mapajani. Na walikuwa wanaogopwa kuliko timu zote. Skauti, yule anayetafutia vyuo wachezaji, anataka mtu anayemwangusha mwenzake kila mara. Makelele ya uwanja hayaandiki.

Mkwawa77: Hapo umenifundisha, mdogo wangu. Niliongea haraka.

NesiMinnesota: Bega litamwokoa shingo, ubongo bado utatikiswa. Dk. Bennet Omalu, Mnigeria, ndiye aliyeuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa zamani wa Steelers, mwaka 2002, akakuta madhara ya kugongwa miaka na miaka. Chris Borland, lainibeka wa San Francisco 49ers, alicheza msimu mmoja tu, Machi 2015 akaacha kwa kuhofia hayo. Kijana ayajue akiwa bado ana nafasi ya kuchagua.

BabaK_Houston: Mrejesho. Daktari amemsimamisha. Kanuna, hajala mezani siku mbili. Jana usiku nilimkuta anaangalia video ya Shazier peke yake, akaniuliza, "Baba, hata alikuwa hajamgonga kwa nguvu?" Sikuwa na jibu. Jumatano namwona kocha. Nimuulize nini zaidi ya hilo la bega?

Namba54_Zamani: Muulize mazoezi ya kugongana kamili ni dakika ngapi kwa wiki. Shule za serikali Texas mwisho ni 90 kwa kila mchezaji. Na muombe akuonyeshe kwa macho anavyowafundisha kukaba.