MRI ya nyonga inayogongana: je, inatosha kuamua upasuaji?

Muuliza swali
Habari zenu. Nina maumivu ya kinena ambayo huzidi nikichuchumaa au nikikaa kwenye kiti kifupi. Daktari wa mifupa ametazama eksirei akasema kichwa cha mfupa wa paja hakina mviringo kamili, hivyo hugonga ukingo wa kikombe cha nyonga. Ameniandikia MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku. Je, itaonyesha nini zaidi, na ikionekana labramu imechanika, ni lazima nipasuliwe?

Jibu la 1, mpiga picha za tiba
Pole sana. Eksirei huonyesha umbo la mfupa, lakini gegedu na labramu, yaani ule ukingo laini unaozunguka kikombe, huhitaji MRI. Nakusihi uulize picha zitapigwaje, kwa sababu kinundu cha mfupa kwenye makutano ya kichwa na shingo mara nyingi hukaa upande wa mbele kuelekea juu, mahali ambapo vipande vya kawaida vya picha vinaweza kukikosa au kukifanya kionekane kidogo kuliko kilivyo. Dawa yake ni vipande vinavyozunguka mhimili wa shingo ya mfupa, vilivyopangwa kama njiti za mwavuli, ambavyo juu yake hupimwa pembe ya alfa, inayoonyesha jinsi kichwa cha mfupa kilivyopoteza mviringo wake. Wengi huiona kuwa kubwa ikivuka nyuzi 55 au 60, ingawa kizingiti chenyewe kingali kinabishaniwa. Wakiongeza picha chache za goti, watapima pia msokoto wa mfupa wa paja, jambo ambalo kwa maoni yangu husahauliwa mno.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Na sindano ya ndani ya kiungo kabla ya picha, ni ya lazima?

Jibu la 2, mpiga picha za tiba
Si kila mara. Gadolini iliyozimuliwa, yaani dawa ya kufanya picha ionekane wazi zaidi, hutanua kiungo na kupenya kwenye mpasuko, lakini mashine ya MRI yenye sumaku kali ya Tesla 3 mara nyingi huonyesha vizuri bila sindano. Wakichanganya na dawa ya ganzi, fuatilia maumivu saa chache zinazofuata: yakipungua waziwazi, chanzo kina uwezekano mkubwa wa kuwa ndani ya kiungo.

Jibu la 3, mtaalamu wa fiziotherapia
Kuhusu upasuaji, tafadhali usiamuliwe na picha peke yake. Makubaliano ya Warwick ya mwaka 2016, ya wataalamu kuhusu nyonga inayogongana, yanataka mambo matatu yakutane ili tatizo hili lithibitishwe: dalili za mgonjwa, matokeo ya kuchunguzwa kwa mikono, na picha. Watu wengi wasio na maumivu yoyote hukutwa na labramu iliyochanika, kwa hiyo mpasuko ulioandikwa kwenye ripoti haujathibitisha kwamba ndio unaokuumiza. Mazoezi ya tiba yanayoimarisha misuli ya nyonga na kiwiliwili huwasaidia wengi, na mtu anaweza kuyajaribu kwanza. Ripoti ikitoka, mwulize daktari hali ya gegedu kabla ya kuuliza habari za labramu, kwani gegedu ikiwa imelika sana, upasuaji wa kuchonga kinundu hauleti nafuu inayotarajiwa.