Mjadala: Gari la ufunguo wa mfukoni lilazimishwe kupima umbali kwa UWB?

MtuWaRedio: Kanuni za ubora zikatae gari jipya linalofunguka kwa ufunguo wa mfukoni bila kupima umbali kwa UWB, yaani redio ya mkanda mpana sana inayorusha mipigo mifupi. Mfumo wa zamani unaamsha ufunguo kwa mawimbi ya kHz 125 hivi, ufunguo unajibu, mlango unafunguka. Wezi wawili, mmoja karibu na mwenye ufunguo na mwingine kando ya gari, wanapokezana mawimbi hayo. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich walionyesha hilo kwenye aina 10 za magari ya watengenezaji 8, bila kuvunja usimbaji. UWB hupima muda wa safari: sentimita 30 kwa kila nanosekunde. Kupokezana kunaongeza muda tu.

Kanda5: Mkuu, kihisi cha mtikisiko kinatosha. Ufunguo ukitulia dakika chache, ulale usijibu. Bei yake ndogo.

MtuWaRedio: Usiku, sawa. Mwenye gari akitembea sokoni, ufunguo uko macho.

NusuNano: Suala kubwa ni kipokezi. Marekani tangu 2002 inaruhusu nguvu ndogo sana, dBm −41.3 tu kwa kila MHz, hivyo mpigo mmoja unazama kwenye kelele; kipokezi hulinganisha kinachosikika na mfuatano kinaoutarajia na kujumlisha mipigo mingi ya utangulizi wa pakiti mpaka vilele vijitokeze, kila kilele kikiwa njia moja ambayo mawimbi yamepitia. Ufunguo ukiwa mfuko wa nyuma, mwili unameza njia ya moja kwa moja, na kilele kirefu kuliko vyote ni mwangwi wa ukutani uliochelewa. Ukipima kwa huo, umbali unazidi na mlango haufunguki. Ndiyo maana kipokezi hurudi nyuma kutafuta kilele cha kwanza kinachovuka kizingiti, hata kiwe kidogo. Mwizi anaingilia papo hapo: anarusha mipigo yake, ulinganisho unazaa kilele cha uongo kabla ya kile cha kweli. Kiwango cha UWB cha IEEE 802.15.4z cha 2020 kilileta mfuatano wa mipigo usiotabirika, lakini mwaka 2022 shambulio la Ghost Peak lilishusha umbali uliopimwa kutoka mita 12 hadi 0, likifaulu hadi asilimia 4 ya majaribio. Kwa mfumo unaopima tena na tena, hiyo ni nyingi mno.

MtuWaRedio: Basi kizingiti kipandishwe.

NusuNano: Ukikipandisha, mteja wa mfuko wa nyuma anabaki nje. Afadhali vipimo kadhaa mfululizo, kutoka antena zaidi ya moja, vikubaliane ndipo mlango ufunguke.

Kristali: Msisahau saa. Kwa kipimo cha kwenda na kurudi mara moja (ujumbe mmoja na jibu lake), jibu likichukua milisekunde 1 na saa mbili zikitofautiana sehemu 20 kwa milioni, kosa ni nanosekunde 10, yaani mita 3. Tumieni jumbe tatu ili kosa hilo karibu lote lifutike, na ucheleweshaji wa antena (muda unaopotea ndani ya kifaa chenyewe) usawazishwe kwenye umbali unaojulikana. Kanuni ikitaja "UWB" tu, mtengenezaji atapita na kipimo cha mara moja. Iweke kikomo cha kosa, na kikomo cha mara ngapi ufunguo wa mbali unaweza kukubaliwa.

Kanda5: Hapo nakubali, mradi maabara irushe mipigo ya uongo yenyewe. Kupima umbali uwanjani pekee hakuonyeshi udhaifu huo.