Tuwaenzi vipi wanaotuchangishia hapa Lamu?

langoni_kwetu: Asalaam aleikum jamani. Kuna mama mtaani kwetu, mtu akiugua akatakiwa kupelekwa Mombasa yeye ndo anazunguka na daftari mlango hadi mlango, mia hapa hamsini pale, na kila shilingi anaitangaza kwa grupu la WhatsApp watu waone. Miaka yote hajapewa asante ya hadharani. Tumfanyieni nini?

kijana_wa_shela: Oktoba 20 ni sikukuu ya Mashujaa, tangu katiba ya 2010 sio Kenyatta Day tena. Pendekezeni jina lake apewe nishani ya HSC (Head of State's Commendation, pongezi ya Rais), raia wa kawaida wanapewa pia.

bi_mkomani: Nishani nzuri mwanangu ila safari yake ndefu. Mie naona wakati wa Maulidi, watu wamejaa, aitwe pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome avishwe leso aombewe dua. Lakini muulizeni kwanza, wengine sadaka yao hawataki itajwe.

langoni_kwetu: Kweli bibi, hilo sikulifikiria. Leo baada ya Isha naenda kwake. Na nauli ya boti hadi Mokowe, kule bara, kila akisindikiza mgonjwa hutoa mfukoni mwake, tuanze kumrudishia hiyo.