Kamera za nyumbani kwa Mama Tanga: mimi huku Minneapolis sioni kitu

Kutoka Minneapolis

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Mama yetu yuko Tanga, anakaa na dada wa kazi tu. Mwezi uliopita watu waliruka ukuta usiku wakang'oa pampu ya maji. Tumenunua kamera nne na kinasa chake cha kurekodi picha, fundi amefunga. Akiwa mle ndani kwenye Wi-Fi ya nyumba anaona zote nne. Mimi huku skrini nyeusi. Anasema lazima "afungue poti" kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje. Amejaribu siku mbili imegoma, sasa anaomba alipwe siku ya tatu. Nifanyeje?

Kutoka Leicester

Dada, poleni sana, na tumshukuru Mungu Mama hakuguswa. Siku ya tatu usiilipe kwanza. Jambo hili limenipitia kwa nyumba ya baba yangu Muheza.

Mwambie aliye pale aunganishe simu na Wi-Fi ya nyumba, afungue kivinjari, aandike anwani ya ruta, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Namba sahihi mara nyingi iko kwenye stika chini ya ruta. Akiingia atafute palipoandikwa WAN, yaani upande wa nje wa ruta, akusomee anwani ya IP (namba ya ruta kwenye mtandao) iliyo hapo. Kwetu alisoma mpwa wangu: "Mia moja, nukta, tisini na mbili, nukta..." Nikamwambia basi, inatosha. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10 kisha nukta, ujue mtandao umewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ruta za laini ya simu nyingi ziko hivyo.

Unakumbuka tulivyotumia S.L.P. ya shule? Kutuma barua uliweza popote, lakini ikija bahasha haina jina lako, mwalimu hajui amkabidhi nani. Ndiyo hali ya ruta ya Mama. Fundi anahangaika na mlango wa chumba wakati ufunguo wa geti anao mwenye mtandao. Hata akikaa wiki nzima haitafunguka, na huenda kijana wa watu hakosei, ila hajui tu.

Na hata ingewezekana, mimi nisingekubali. Poti ikiwa wazi, dunia nzima inaweza kubisha hodi kwenye kinasa chako. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera, vinasa na ruta. Ikakusanya vifaa vingi mno, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Hizo zilikuwa kamera za nyumba za watu kama Mama.

Njia iliyo rahisi ni kukiacha kinasa chenyewe kitoke nje kwenda kwa mtengenezaji wake, nawe ukutane nacho huko. Kwenye menyu ya kinasa kuna sehemu ya P2P au Cloud. Iwashe, itatokea alama ya QR, uiskani kwa programu ya kampuni iliyotengeneza kamera hizo. Poti haiguswi. Halafu UPnP kwenye ruta izimwe, maana ikiwa imewashwa kifaa kinaweza kujifungulia poti bila kukuuliza.

Sasa nisikilize hapa, dada. Akaunti isajiliwe kwa barua pepe YAKO na neno la siri lako. Kwetu fundi alisajili kwa simu yake. Miezi saba mtu baki aliweza kuiona sebule ya baba yangu saa yoyote anayotaka, na mimi mtoto wa kumzaa nikawa namwomba ruhusa. Nilipotaka kukihamisha kifaa kije kwangu, programu ilikataa mpaka yeye akifute kwake kwanza. Iliniuma sana. Mwambie fundi akifute mbele ya Mama, kisha neno la siri la kinasa na la ruta yote mawili yabadilishwe.

Wapo watakaokuambia uweke VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, kama WireGuard au Tailscale. Kwa usiri ni nzuri zaidi. Lakini Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN Tanzania watoe taarifa zao, kwa hiyo lisome kabla hujafunga.

Kuhusu bando: kurekodi kwenye diski ya kinasa hakuli kitu, kinachokula ni wewe kuangalia. Kamera ikirusha megabiti 4 kwa sekunde, saa moja ni karibu GB 1.8. Chagua picha ndogo, menyu huiita Sub Stream. Ikiwa kilobiti 512, saa moja ni kama MB 230. Saa ya kinasa iwekwe GMT+3, ndiyo saa ya Tanzania. Na nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 kwa ajili ya ruta na kinasa, kwa sababu mwizi huwa hasubiri umeme urudi.

Kutoka Minneapolis

Kaka, Mungu akubariki. Namba ya WAN ilianza na 100.71. Fundi amekubali, akaunti ni yangu, na jana saa kumi na mbili jioni ya huku nimeliona geti letu saa nane usiku, paka anapita juu ya ukuta. Nililia.

Lakini leo kamera ya barazani inaonyesha maua mekundu tu. Mama ameifunika kwa kanga.

Kutoka Muscat

Mwanangu, je, Mama aliulizwa? Barazani ndipo anapokaa na wageni wake, anaposukwa nywele, pengine kichwa wazi. Geti, ukuta wa nyuma na pampu vinatosha. Na huyo binti wa kazi aambiwe wazi kamera ziko wapi, naye ana heshima yake. Mpigie, umwombe radhi kwanza, ndipo mzungumze habari za kamera.

Kutoka Minneapolis

Shikamoo mama, na asante. Nimempigia. Hakuna aliyemuuliza, tulipanga sisi watoto kwa simu. Ya barazani inahamia kwenye pampu Jumamosi. Mama ana ombi moja: na yeye awekewe kwenye simu yake, aone anayegonga usiku kabla hajafungua geti. Kaka wa Leicester, nimpe neno langu la siri?

Kutoka Leicester

Hapana. Mfungulie Mama akaunti yake, kisha kwenye programu yako bonyeza kushirikisha kifaa na uweke namba yake. Mpe kamera ya geti iwe ya kwanza kwenye orodha, ili asihangaike kuitafuta gizani.