Saitometa Moja kwa Watafiti Wote: Nani Aigharimie, na Ikae Wapi?

Mtafiti wa kinga ya mwili, Kampala

Naomba tulijadili hadharani jambo ambalo katika idara zetu limezoeleka kusemwa pembeni tu: je, fedha za umma zinunue saitometa ya mtiririko ya pamoja, ikae Kampala na itumiwe na watafiti wa vyuo vikuu vyote, au kila mradi uendelee kujitafutia ya kwake kwa wafadhili?

Kwa asiye wa fani hii, saitometa hupitisha seli moja moja, zikifuatana ndani ya mkondo mwembamba wa maji, mbele ya mwali wa leza. Namna mwanga unavyotawanyika huonyesha ukubwa wa seli na jinsi ilivyo ndani, na kingamwili (protini zinazonasa seli za aina fulani) zilizotiwa rangi zinazong'aa huitambulisha seli ni ya aina gani. Maelfu ya seli hupimwa kwa sekunde moja. Wengi waliowahi kupewa hesabu ya CD4, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, walipimwa kwa mashine ya ukoo huu, hata kama jina lake hawakulisikia.

Msimamo wangu ni kwamba Serikali iinunue, lakini asisaini mtu hati ya manunuzi kabla bajeti ya miaka mitano ya kuitunza haijapitishwa. Mashine ya utafiti yenye leza kadhaa huweza kuvuka dola 200,000, na mkataba wa matengenezo kwa mwaka hukaribia asilimia 10 ya bei hiyo. Nimefanya kazi katika maabara iliyoachiwa mashine nzuri na mradi wa wafadhili. Mradi ulipokwisha leza ikafa, tukaifunika kitambaa kwa zaidi ya mwaka, na wanafunzi wawili wa uzamivu wakabadilisha mada za tasnifu zao. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu hakuna aliyekosa elimu wala bidii. Kilichokosekana ni fungu la kumlipa fundi.

Nchi hii si mgeni katika kazi hii. Denis Burkitt alieleza hapa mwaka 1958 saratani ya watoto ambayo sasa ina jina lake, na jaribio la kwanza la chanjo ya VVU barani Afrika lilifanyika Kampala mwaka 1999. Huwezi kujua kama chanjo imeziamsha seli T, zile seli nyeupe za damu zinazopambana na maradhi, bila kuzipima. Kwa nini damu ya Mganda isafirishwe ng'ambo ili isomwe?

Muuguzi, Gulu

Nimesoma kwa heshima, lakini naona mfano wa CD4 umepitwa na wakati. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri hesabu hiyo, na ufuatiliaji umehamia kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Sisi wodini tunaomba glavu. Ni vigumu kumweleza mama aliyeambiwa akanunue mwenyewe sindano kwamba fedha zimekwenda kwenye leza.

Mhadhiri wa baiolojia ya tiba, Mbarara

Mimi sipingi mashine. Napinga neno "pamoja" linapomaanisha Kampala. Kutoka hapa hadi huko ni kilomita zipatazo 270, na damu haina subira. Baadhi ya seli nyeupe, neutrofili hasa, hazivumilii kugandishwa, na zikichelewa njiani zinabadilika kiasi kwamba unachokipima ni safari, si ugonjwa. Chuo chetu kilianzishwa mwaka 1989, nacho kina wanafunzi wenye maswali mazuri kama ya wenzao wa Makerere. Ikiwa mlipa kodi wa huku kwetu Ankole anachangia, mtafiti wa Ankole naye afaidike.

Fundi wa vifaa vya maabara, Kampala

Nachangia kama mtu anayezifungua mashine hizi kwa mikono yake. Ndugu zangu mnajadili bei na umbali, lakini saitometa huuawa na mambo madogo: sampuli isiyochujwa ikaziba mrija, kiyoyozi kilichozimwa siku ya Ijumaa, umeme uliokatika bila betri za akiba, kingamwili zilizotoka nje ya nyuzi 2 hadi 8 mwishoni mwa juma. Kila asubuhi lazima zipitishwe shanga ndogo za kuhakiki vipimo, na kila jioni mashine isafishwe. Kazi hiyo haifanywi na mwanafunzi anayepita. Inahitaji mwendeshaji mwenye ajira ya kudumu na daftari la zamu. Mashine ya pamoja isiyo na mwendeshaji huharibika upesi kuliko ya mtu binafsi, kwa kuwa kila mmoja huiacha akitumaini anayefuata ataisafisha.

Kuna njia ambayo haijatajwa. Wauzaji wengine huiweka mashine bila malipo kwa sharti kwamba vitendanishi, yaani kemikali na kingamwili za kupimia, vinunuliwe kwao. Mwanzoni inaonekana nafuu. Baadaye bei ya vitendanishi inapanda na huna pa kukimbilia. Mimi ningeikataa kwa kazi ya utafiti, ambako kila mtu anahitaji kingamwili tofauti.

Mtafiti wa kinga ya mwili, Kampala

Ndugu yangu wa Gulu, glavu zina haki yake, nami sitaki hata shilingi moja ihamishwe kutoka fungu la hospitali; ninachoomba kitoke kwenye fedha za utafiti. Hata hivyo CD4 haijafa. Mgonjwa mwenye CD4 chini ya 200 ndiye tunayemtafutia kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu aitwaye kriptokoka kabla hajazidiwa, na bila hesabu hiyo unaweza kumtazama usoni ukadhani yu mzima.

Kuhusu Mbarara, nilikosea kuandika kana kwamba njia ni fupi. Nabadilisha pendekezo langu: kabla ya mashine kubwa, zitengwe fedha za naitrojeni ya kimiminika, ya kuhifadhia seli kwenye baridi kali, na mafunzo ya kutenganisha na kugandisha seli huko Mbarara na Gulu, ili sampuli zinazovumilia kusafiri zisafiri, na kwa damu mbichi, kila chuo kipate saitometa ndogo.

Marekani, ruzuku ya serikali ya kununua vifaa vya pamoja humtaka mwombaji aonyeshe angalau watumiaji wakuu watatu wenye tafiti zilizokwisha kugharimiwa, na chuo kieleze kitakavyoitunza mashine. Naomba nasi tuandike hivyo, tukiongeza kwamba mmoja wa hao watatu atoke nje ya Kampala na kwamba mshahara wa mwendeshaji uwe ndani ya ombi lenyewe. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, waajiriwa wa miradi ndio walioondoka kwanza, na ujuzi ukaondoka nao.

Mhadhiri wa baiolojia ya tiba, Mbarara

Kwa marekebisho hayo naunga mkono. Lakini ratiba ya saa za mashine ipangwe na kamati ya vyuo vyote, isiwe ya idara inayoshika funguo. Nani ataandika rasimu?