Gia ya pili ngumu asubuhi ya baridi, mchana laini kabisa. Ni oil, klachi au giaboksi imekufa?

KiaziCha_Makete
Wakuu habari zenu. Niko Makete huku na anayeijua Makete mwezi wa saba hana haja ya kuelezwa, kuna asubuhi unaamka nyasi nyeupe kwa barafu mpaka jua lichomoze. Nina pikapu ya dizeli, manyuali gia tano, ya miaka ya 90, nabebea viazi toka shambani mpaka lami kwa wale wanaopakia kwenda Dar. Shida ni hivi, gari ikilala nje, asubuhi nikiwasha gia ya kwanza inaingia kwa kusukuma, ya pili ndo kabisaa, lever inagoma katikati na ukilazimisha inaingia ila na mlio krrrr mpaka abiria anakuangalia. Ya tatu na ya nne afadhali. Nikishatembea kidogo na injini ikapata moto yanaisha yote, mchana naendesha kwa vidole viwili.

Fundi wa kwanza kasema klachi pleti imekwisha tushushe giaboksi. Wa pili kasema giaboksi yenyewe ndo basi tena nitafute ya mtumba. Na wote wamekuja saa sita mchana gari iko poa, hakuna aliyeiendesha ikiwa ya baridi. Oil ya giaboksi ilibadilishwa mwezi wa tano, fundi mwingine kabisa, aliweka ile nzito akasema huku milimani ndo inalinda gia. Kabla sijatoa hela naombeni ushauri maana bei ya viazi nayo mnaijua.

fundi_chini_ya_mwembe
Usishushe kitu mkuu. Oil mwezi wa tano, gia ngumu mwezi wa saba, jibu umeshalitaja mwenyewe hapo.

Nakuwekea dau hiyo "nzito" ni namba 140. Mafundi wengi wana dumu moja, wakimaliza difu (ile gia ya katikati ya ekseli inayozungusha matairi) wanahamia giaboksi na oil ileile. Kwenye difu sina ugomvi nayo, kule hakuna sinkronaiza. Kwenye giaboksi sinkronaiza ndo zile ringi za njano, kazi yake ni kuishika koni ya gia kwa msuguano kabla meno hayajakutana, ili vyote vizunguke spidi moja ndo lever ipite. Sasa ili ringi ishike lazima kwanza ikamue oil itoke katikati yake na koni. Oil ikiwa nzito kama asali iliyokaa kwenye baridi haitoki, ringi inateleza tu juu yake, na wewe huku unasukuma, meno yanakutana kila moja na spidi yake. Hiyo krrrr ndo hiyo.

Na usishangae kwa nini ni ya pili na sio ya nne. Kutoka moja kwenda mbili tofauti ya mzunguko ni kubwa, kwahiyo ringi ya pili ndo inafanya kazi ngumu kuliko wenzake, na ndo huwa inaisha mapema hata kwenye gari za Dar zisizojua baridi.

Kwenye kopo angalia maandishi, 85W-140 au 80W-90 au 75W-90. Namba yenye W ndo inakwambia habari ya baridi, ndogo ndo nzuri. 85W kipimo chake kinaishia nyuzi 12 chini ya sifuri, 80W nyuzi 26 chini ya sifuri, 75W nyuzi 40 chini ya sifuri. Najua Makete haifiki huko, lakini hizo ni namba za mwisho kabisa oil isijekuharibu kitu, ugumu unaanza kuusikia mkononi mapema sana kabla ya hapo.

Kinangop_Dizeli
Niaje wasee. Sisi huku Kinangop pia ni viazi na baridi so naskia uchungu wako. Lakini mekanika hapo juu amekimbia sana, kwanza huyu jamaa apime klachi, inachukua dakika tu na ni bure.

Asubuhi gari ikiwa bado baridi, USIWASHE. Kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Halafu washa, rudia vile vile. Kama injini ikiwa imezimwa zinaingia sawa na ikiwashwa zinakataa, hasa ya kwanza na rivasi, basi klachi haiachii vizuri, shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini hata kama umekanyaga mpaka chini. Kama ni ngumu kote kote hapo ni oil ama linkeji, zile vyuma zinaunganisha lever na giaboksi.

Kitu kingine, washa, kanyaga klachi na ushikilie ukihesabu pole pole kama sekunde tano, ndio uweke rivasi. Ikilia hata baada ya kungoja, klachi inaburuta.

Na kama klachi yako ni ya haidroliki angalia kile kikopo chake. Fluidi ya breki hunyonya maji kwa hewa, ikikaa miaka inakuwa nyeusi, na kwa baridi inakuwa nzito kuliko mpya. Watu hubadilisha ya breki wanasahau ya klachi na ni fluidi hiyo hiyo moja.

KiaziCha_Makete
@Kinangop_Dizeli asante sana kaka, leo alfajiri nimefanya. Ikiwa imezima gia ni nzito zote, yani unasikia mkono unasukuma kitu kizito ila zinapita. Ikiwashwa ya pili ndo inalia ukiwa unatembea, rivasi baada ya kungoja haijalia. Fluidi ya klachi nimeikuta rangi ya kahawa, hiyo namwaga. Halafu nimempigia yule fundi wa mwezi wa tano, ni 140 kweli, na anaitetea mpaka sasa hivi.

MbogaMboga
Acheni kumsumbua mtu, mwambieni aweke ATF ile nyekundu ya gari za oto, inakuwa laini balaa hata iwe baridi ya wapi. Shemeji yangu ameweka na anadunda nayo.

Baba_Junia_Edmonton
Salamu kutoka Kanada. Huku Januari tunaamkia nyuzi 30 chini ya sifuri, kuna siku inapita hapo, kwahiyo hii mada naijua kwa mkono. Kwanza niseme ugumu kidogo asubuhi ni kawaida kwa manyuali yoyote hata mpya kabisa, usifikiri ukiweka oil sahihi itakuwa siagi. Mlio ndo sio kawaida.

Unapowasha kanyaga klachi, ili stata isizungushe na ile shafti iliyozama kwenye oil nzito. Ikishawaka weka fri uachie klachi taratibu. Hapo wengi wanakosea, wanabaki wamekanyaga. Ukiachia ukiwa fri, shafti ya kuingilia na ile ya chini zinazunguka na kuikoroga oil, na baridi ikiwa kali unasikia kabisa injini inashuka sauti pale unapoachia, ndo ujue oil imeganda kiasi gani. Dakika moja mbili zinatosha, usikae nusu saa unachoma dizeli, giaboksi inapata moto kwa kutembea, kusimama kunaipasha injini tu.

Ukiondoka nenda mdogo mdogo, usivute gia ya kwanza mpaka injini ilie, badilisha mapema, na mkono usilazimishe. Egemeza lever kwenye pili kwa nguvu ndogo usubiri, itaingia yenyewe. Ikigoma piga dabo klachi, kanyaga, rudisha lever fri, achia klachi, kanyaga tena, ingiza. Wazee wa malori wanaijua hiyo toka zamani. Oil yangu ni 75W-90 sinthetiki na baridi ya huku ukiweka 80W utajuta, ila Makete hata 80W-90 nzuri itakutosha.

(Gari ya manyuali huku ni alamu tosha, vijana wengi hawajui hata pedali ya tatu ni ya nini.)

fundi_chini_ya_mwembe
@MbogaMboga ATF sio dhambi, kuna manyuali zimetoka kiwandani na ATF na kuna nyingine zinatumia oil ya injini. Lakini hizo zimeundwa hivyo. Hiyo pikapu ya kubeba viazi ukiiwekea ATF kwa sababu ya shemeji, asubuhi itakuwa laini kweli na ikipanda mlima na mzigo oil ni nyepesi mno, beringi ndo zitakuja kulia. Kitabu cha gari kisemeje ndo hicho hicho.

@KiaziCha_Makete kopo ukilipata soma pia pameandikwa GL ngapi, hilo ndo daraja la oil ya gia. GL-5 ina dawa nyingi ya kulinda meno ya difu, dawa hiyo kwenye giaboksi inafanya ringi iteleze zaidi, na za kizamani zilikuwa zinakula mpaka hiyo shaba ya ringi. Kama kitabu kimeruhusu zote mbili sawa, kama kimesema GL-4 tafuta GL-4, na nunua duka unaloliamini maana kopo zilizojazwa upya ni nyingi.

Siku ya kumwaga, itembeze kwanza ipate moto, hiyo 140 ya baridi itabaki nusu ndani. Na fungua bolti ya kujazia KABLA ya ya kumwagia, isije ikawa imekaza umeshamwaga yote na huna pa kurudishia. Oil unajaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari ikiwa imesimama sehemu tambarare.

Bolti ya kumwagia kama ina sumaku, uji mweusi mwepesi juu yake ni kawaida. Vipande vya chuma sio kawaida. Halafu chukua oil uliyomwaga uiweke juani kwenye beseni, ikimeta vumbi la njano jingi hiyo ni ringi imeanza kuliwa, sumaku haiwezi kulishika hilo, na hapo oil mpya itapunguza tu mlio ila ringi ya pili utakuja kuibadilisha. Piga picha zote mbili uweke hapa tuone, ndo tuongee habari ya kushusha au kutoshusha.