Kuchunguza taasisi ndogo ya kifamilia kabla ya kuandika andiko: fomu ya kodi, orodha ya kulipia, au kuwauliza waliopewa?

Katibu_wa_Moa

Assalaam alaykum, na habari za leo jamani.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani, pwani ya Mkinga. Masika yaliyopita tulipoteza mavuno ya bamvu zima. Mwani ulikuwa umeanikwa juu ya makuti, mvua ikashuka usiku, asubuhi tukaukuta umekuwa mweupe, unateleza mkononi kama ute. Mnunuzi aliushika kidogo, akaurudisha chini, akapanda gari lake. Tangu siku hiyo tunatafuta fedha za kujenga chanja zenye paa na stoo.

Mgeni mmoja aliyepita hapa mwezi wa pili alituambia kuna taasisi ya familia moja Marekani, ndogo, inayopenda kusaidia wanawake wa pwani. Akatuachia jina na anwani ya tovuti. Nimeifungua: picha nzuri za bahari na watoto, lakini hakuna hata namba moja ya fedha.

Mwaka juzi tulihangaika miezi miwili na andiko la mfadhili mwingine. Tukamlipa mtu wa kutafsiri, tukapanda gari kwenda steshenari Tanga mjini mara nne, na mpaka leo hatujajibiwa neno. Sitaki kuwachangisha wenzangu tena kwa jambo nisilolijua. Nimeambiwa njia tatu: kusoma fomu wanayopeleka serikalini kwao, kulipia orodha ya wafadhili mtandaoni, au kuwatafuta waliowahi kupewa. Ipi itaniambia kweli kama watu hawa wanatoa, wanatoa kiasi gani, na wanampa nani? Simu yangu ni ya kawaida na bando ni la kupima.

Mhasibu_Chumbageni

Waalaykum salaam dada. Pole sana kwa mwani.

Anza na fomu. Nafanya hesabu za vikundi na shule hapa Chumbageni, na kwa taasisi binafsi za Marekani sijaona karatasi inayosema mengi kuliko hiyo. Inaitwa 990-PF. Kila taasisi binafsi ya hisani kule, iwe na mabilioni au iwe na dola elfu tano, lazima iipeleke kwa mamlaka yao ya kodi, IRS, kila mwaka, na sheria inampa mtu yeyote haki ya kuiona. Kwenye tovuti yake mtu huandika anachopenda watu wakione. Fomu anaitia sahihi, na akidanganya atajibu kwa sheria.

Ni bure. Ingia ProPublica, tovuti ya waandishi wa habari wa Marekani, kwenye sehemu yao inayoitwa Nonprofit Explorer, andika jina. Majina ya taasisi za kule yanafanana mno, kwa hiyo hakikisha na mji zilipo, au ukipata namba yao ya mlipakodi (EIN, tarakimu tisa) ndiyo bora. IRS wenyewe wana ukurasa wao wa kutafutia, ila kwa simu na bando dogo ProPublica ni nyepesi: mapato, matumizi na mali vya kila mwaka unaviona kabla hujapakua chochote.

Ukiifungua fomu yenyewe usiisome yote, utachoka bure. Ukurasa wa kwanza, juu, kuna kisanduku cha herufi I. Hiyo ni thamani ya mali yao yote kwa bei ya soko mwishoni mwa mwaka. Shuka hadi mstari wa 25, safu ya mwisho kulia, (d). Hicho ndicho walichotoa kama ruzuku mwaka ule, fedha iliyotoka mkononi. Mstari wa 13 ni malipo ya viongozi wao. Ukiona 13 inakaribia kulingana na 25, hapo jiulize taasisi hiyo inamlisha nani.

Namba ya mali ina kazi yake. Tangu sheria ya kodi ya 1969 taasisi hizi zimebanwa zisikalie fedha. Leo kiwango cha chini ni kama asilimia 5 ya wastani wa thamani ya uwekezaji wao, na wana hadi mwisho wa mwaka unaofuata kukitimiza. Gharama za haki za kuendesha kazi ya hisani nazo zinahesabiwa humo. Kwa hiyo mwenye dola milioni 2 anatakiwa kutoa kama laki moja. Ukimwomba elfu themanini umemwomba karibu sadaka yake yote ya mwaka, na barua yako itawekwa pembeni hata kama kazi yenu ni njema.

Ila usihukumu kwa mali peke yake. Kuna familia hazilimbikizi: mzazi anaingiza fedha mwanzo wa mwaka, mwisho wa mwaka zimeshagawiwa zote. Ukitazama mali utasema hawa hawana kitu. Tazama mstari wa 1, michango iliyopokelewa, ndipo utawajua.

Kisha nenda karibu na mwisho, sehemu ya XIV (kwenye fomu za zamani ni XV). Mstari wa 2 una kisanduku kidogo. Kikiwa na alama, maana yake wanawapa wale tu waliowachagua wenyewe, maombi ya wengine hawapokei. Mstari wa 3 ndio orodha yenyewe: jina la kila aliyepewa, kazi ya fedha, na kiasi. 3a ni zilizokwisha kulipwa, 3b ni zilizoahidiwa baadaye. Soma miaka mitatu. Mwaka mmoja unaweza kukudanganya.

Kijana_wa_Ngamiani

Nakubaliana na Mhasibu, ila orodha ya kulipia msiidharau. Candid (ndio wale waliopatikana 2019 Foundation Center na GuideStar zilipoungana) wana mtambo wa kutafutia wafadhili. Unaandika nchi na aina ya kazi, unaletewa taasisi zilizowahi kutoa huko na wastani wa ruzuku zao. Shirika nililokuwa nafanyia kazi tulilipia mwezi mmoja tu, tukashinda ofisini tunachimba, mwezi ulipoisha tukakatisha. Tulitoka na majina kama thelathini.

Mhasibu_Chumbageni

Kijana, kwenu ilifaa kwa sababu hamkuwa na jina. Dada tayari analo. Na sehemu kubwa ya wanachokuuzia kuhusu taasisi binafsi za Marekani imetoka kwenye fomu hizi hizi. Tangu sheria ya 2019 zinatumwa kwa kompyuta, basi ni rahisi kuzichambua kwa wingi. Unalipia urahisi wa kutafuta. Kikundi cha mwani kisitoe hata shilingi kwa hilo sasa hivi.

Bint_Pangani

Shikamooni wakubwa. Mimi fomu naiheshimu lakini ilishaniumiza, wacha niseme.

Tulipata taasisi moja, jina sitalitaja, fomu yake safi kabisa: inatoa kila mwaka, viongozi hawalipwi, hata mashirika ya Afrika yamo. Tukaandika. Kimya. Baada ya muda mrefu ndipo fomu iliyofuata ikapanda mtandaoni, na pale juu kwenye kisanduku cha herufi G palikuwa na alama kwenye maneno ya kwamba hiyo ndiyo fomu ya mwisho. Taasisi ilikuwa imefungwa wakati sisi tunapiga chapa.

Taasisi inayofuata mwaka wa kalenda ina hadi tarehe 15 Mei ya mwaka unaofuata, ikiomba muda inaongezewa miezi sita, inafika Novemba, halafu ipite tena miezi kabla ya kuonekana. Unachokisoma leo ni habari ya mwaka jana au mwaka juzi.

Ndiyo maana siku hizi nikishapata orodha ya mstari wa 3 natafuta mtu wa kumpigia. Safari iliyofuata, kwa taasisi nyingine, nilimpata mama mmoja Unguja ambaye shirika lake limo kwenye orodha yao. Tulizungumza dakika ishirini kwa WhatsApp. Akaniambia: wanaoamua ni mume na mke, andiko refu hawalisomi, wanataka barua ya ukurasa mmoja na picha mbili, na wanalipa kwa awamu mbili. Akaniambia pia kwamba ripoti ya nusu mwaka wanaidai kweli, usipoipeleka ndiyo kwaheri. Kwenye fomu ungeyapata wapi hayo?

Mzee_Raskazone

Wanangu, haya yote ni ya Marekani. Kwetu Tanga wageni wengi ni Wajerumani, tangu zamani, na Eckernförde ndio mji ndugu yetu. Kwa Mjerumani hakuna fomu kama hiyo. Taasisi za kule husimamiwa na jimbo, na hakuna sheria ya jumla inayoilazimisha taasisi kuanika hesabu zake kwa kila mtu. Wapo wanaojitolea kuweka wazi, kuna mpango unaosimamiwa na Transparency International ya Ujerumani tangu 2010, lakini ni hiari. Kwa hiyo kwa Mjerumani andika barua ya adabu umwombe taarifa ya mwaka. Nimeomba mara mbili nikapewa mara mbili.

Mwingereza ndiye rahisi kuliko wote. Daftari la Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani ya England na Wales, liko wazi. Yeyote mwenye mapato ya zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka lazima aweke hesabu zake humo, na ana miezi kumi tangu mwaka wake wa fedha uishe. Unazisoma na maelezo ya wadhamini kwa maneno yao. Mimi napenda yale maelezo kuliko safu za namba za Wamarekani. Pia kuna GrantNav, bure, wafadhili wa Uingereza waliokubali huweka humo ruzuku zao moja moja.

Katibu_wa_Moa

Allah awalipe heri. Nimekesha jana kwenye kibaraza cha jirani maana ndipo mtandao unaposhika. Nimesoma miaka mitatu.

Mali: kama dola milioni 1.6. Mstari wa 25: 79,000, kisha 81,000, kisha 84,000. Mstari wa 13 sifuri miaka yote. Fomu ya mwisho niliyoiona haina alama kule kwenye G. Orodha ya mwaka wa mwisho ina majina 17, mkubwa kapewa 15,000 na mdogo 1,000. Wengi ni shule na makanisa ya mji wao.

Kisanduku cha mstari wa 2 kina alama. Hapo roho ilinishuka.

Tanzania haimo kabisa. Lakini miaka miwili mfululizo kuna 5,000 kwa shirika moja lililoko Marekani, na kwenye kazi ya fedha wameandika wanawake wa pwani, Afrika Mashariki. Mhasibu, hii nakosea kuisoma au kuna kitu?

Mhasibu_Chumbageni

Dada, umesoma kuliko wengi wanaokuja ofisini kwangu na mafaili yao.

Kwanza, hawa ni watoaji wa kweli. Asilimia 5 ya milioni 1.6 ni 80,000, na wao wanacheza hapo hapo kila mwaka. Wanatoa kile wanachodaiwa na sheria na kidogo juu. Usitegemee mwaka mmoja waruke hadi laki mbili.

Pili, ule mstari wa 5,000 ndio mlango wenu. Taasisi binafsi ya Marekani ikitaka kumpa fedha moja kwa moja mtu wa nje kama ninyi, sheria inaitaka ama ithibitishe kwamba ninyi ni sawa na shirika la hisani la kule, ama ifuatilie matumizi kwa mkataba na ripoti na iyaeleze kwenye fomu. Kwa taasisi ya mume, mke na mhasibu wa kukodi, hiyo ni kazi nzito. Kwa hiyo wengi hupitisha kwa shirika la hisani la huko huko linalochangiwa na watu wengi, nalo ndilo linaleta huku. Msiwaandikie familia. Liandikieni lile shirika lililopewa 5,000, mliulize linafanya kazi na nani pwani yetu, na mumwombe yule mgeni wa mwezi wa pili awatambulishe kwa familia kwa maneno yake mwenyewe. Kwa kisanduku kilichotiwa alama, anayetambulishwa na mtu wanayemjua ana nafasi, anayetuma andiko hana.

Tatu, kiasi. Bajeti yenu ya chanja ni ngapi? Kama inazidi dola 5,000, igaweni. Chanja kwanza, stoo baadaye.

Bint_Pangani

Naongeza mawili tu. Moja, akitokea mtu akakwambia ulipe ada ili jina lenu liingie kwa taasisi hiyo, mkimbie. Kuna kikundi huku kwetu kililipa laki tatu kwa mtu wa namna hiyo, simu yake haipatikani hadi leo, na wale akina mama bado wanarejeshana.

La pili, na wao watakuchunguza wewe. Cheti cha usajili halmashauri kiwe hai, akaunti iwe ya kikundi na watia sahihi watatu, na daftari la mihtasari lisiwe na kurasa zilizochanwa. Shirika la Marekani lilishatuomba picha ya daftari la mweka hazina, ukurasa kwa ukurasa.

Mzee_Raskazone

Na muone afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla fedha haijaingia, si baada. Kwa mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya NGO ya 2002, kanuni za 2018 zina masharti ya kumpelekea Msajili mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Ninyi ni kikundi na kiasi chenu ni kidogo, lakini muulizeni mapema mjue mnasimama wapi.

Katibu_wa_Moa

Nimewaelewa wote. Bajeti ya chanja sita zenye paa la bati ni kama milioni tisa, stoo tumeitoa kwa sasa. Daftari la mweka hazina lina kurasa mbili zilizolowa maji ya bahari, zinasomeka kwa shida, leo jioni tunazinakili upya wote tukiwapo na kuziweka sahihi.

Mgeni nimeshampata, amesema ataandika Jumatatu. Bint Pangani, yule mama wa Unguja unaweza kumwuliza kama ananiruhusu nimpigie? Nataka kujua hasa zile picha mbili walitaka za nini, za watu au za kazi.